Mwani wa Patron

Maji ya bahari yalifika Kalemie ndani ya bidoni nane za plastiki, na mimi ndiye niliyetia sahihi karatasi ya bandarini. Patron, mwajiri wangu, alikuwa na rafiki pwani ya Tanzania; huyo aliyachota, akayapakia kwenye treni mpaka Kigoma, yakavuka ziwa kwa meli. Mtu wa forodha alifungua bidoni moja, akachovya kidole, akalamba, akatema. Aliniuliza ni nani huyo anayeagiza maji yaliyoharibika wakati ziwa zima liko mlangoni kwake. Nilikuwa na diploma ya serikali, jozi moja ya viatu vizuri, na kazi ya sekreteri ambayo shangazi zangu waliiita kazi ya kuwaandikia vitambulisho samaki wasioliwa.

Hawakukosea sana. Patron aliuza samaki wa mapambo. Wapiga mbizi waliwakamata kwenye mawe, wakawaleta hangarini, ghala la Patron, wakiwa hai, tukawaweka kwenye matangi ya saruji, kisha tukawafunga kwenye mifuko ya plastiki, wakaondoka kwa ndege kwenda kukaa katika sebule za watu wa Ulaya. Ilikuwa wakati wa Zaire, na tulikuwa tumeona mambo ya ajabu kuliko hayo. Serikali ilikuwa imemnyang'anya Patron hangari yake, ikampa mwananchi mmoja aliyeigeuza stoo ya bia, kisha ikamrudishia ikiwa haina hata bomba moja zima. Alianza upya. Akaniajiri mimi, na akamrudisha kazini Papa.

Nasema Papa tu, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita wote. Alikuwa mpiga mbizi wa kwanza wa Patron, mtoto wa familia za wavuvi wa hapo hapo, na maji yalikuwa yamemla masikio. La kushoto halikusikia kitu. La kulia lilisikia lilipotaka. Kwa kuwa hakuweza tena kuzama, alipewa kazi ya kuosha matangi na kulisha samaki. Alinusa tumbaku, alisinzia mchana juu ya magunia, na alimtania kila aliyepita, hasa mimi. Aliniita Mama Diploma. Sikulipenda jina hilo, naye alijua.

Tangi la maji ya bahari lilikuwa la kioo, nalo liliwekwa biro, ndani ya ofisi yetu, chini ya picha ya Rais, kama kwamba Rais naye alihitaji kitu cha kuangalia. Ndani yake mliishi samaki watatu wasiozidi kidole: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mmoja wa buluu. Lakini aliyependwa na Patron hakuwa samaki. Ulikuwa mwani. Ulifika ndani ya mfuko, kipande kisichojaa kiganja, na Patron aliushika kwa mikono miwili. Ulikuwa uzi wa kijani uliotambaa juu ya mchanga kama matembele, ukishusha mizizi hapa na pale, na kila hatua ukisimamisha jani lililochanika pande zote mbili mfano wa unyoya wa kuku. Patron alinieleza kwamba samaki wanachafua maji na mwani unakula ule uchafu, basi maji yanabaki meupe bila mashine yoyote zaidi ya ile pampu ndogo ya hewa. Nilimwambia hata choo cha kwetu kingefurahi kuwa na mmea wa namna hiyo. Hakucheka.

Watu walikuja kutazama. Mkatekista alikuja, akina mama wauza ndagala walikuja na beseni zao kichwani, na wote waliomba jambo moja, kuchovya kidole na kulamba. Papa alisimama pembeni akiuliza kwa sauti ni mpishi gani aliyezidisha chumvi humu. Kila juma alirudia mzaha huo, na kila juma alicheka peke yake.

Mwaka wa pili Patron alikwenda kwao Ulaya kwa konji, likizo yake ya miezi miwili. Kabla ya kuondoka alichora mstari mwekundu kwenye kioo, akaniamuru nipige kwa mashine maagizo yake, nikayabandika ukutani. Yalikuwa mafupi. Maji yakishuka, uongeze maji ya mvua mpaka mstari, kwa kuwa jua linachukua maji na kuacha chumvi. Ulishe kidogo. Usiguse.

Kisha alitusimamisha wawili, Papa na mimi, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoamuru.

"Citoyenne, nikirudi nikute hii yote iko hai, utakuwa kapita wa hangari. Nikikuta imekufa, yule aliyeiua atatoka. Sitauliza mara mbili."

Kapita mwanamke, msimamizi wa wanaume wote wale, katika mji ule, miaka ile! Nilishawaona shangazi zangu wakitafuta maneno na kuyakosa. Papa alingoja mpaka gari lilipoondoka. Kisha alikuja mlangoni kwangu, akajipiga sikio bovu kwa kiganja.

"Mama Diploma, angalia vizuri ile maji ya chumvi. Miye nikitoka hapa, hakuna muntu mwingine atakamata muzee wa masikio hii kwa kazi."

Aliposema hivyo hakuwa anatania. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kazi ilikuwa mikononi mwa mtu anayejua kusoma.

Juma la pili baada ya Patron kuondoka nilifika kazini mapema. Mlango wa biro ulikuwa wazi. Papa alikuwa amesimama mbele ya tangi, shati limekunjwa mpaka begani, mkono mzima umo ndani ya maji, na pembeni yake kulikuwa na sahani iliyojaa mwani.

"Papa! Unafanya nini?"

"Nachuma."

"Unachuma nini?"

"Majani, Mama. Hauone? Inajaa sana. Naipunguza kidogo, inapata nafasi."

Alisema hivyo bila kuutoa mkono. Aliendelea kukata ncha kwa kucha ya kidole gumba, taratibu, akiacha mzizi na majani machanga, sawasawa kama mama yangu alivyochuma matembele kwa ajili ya chakula cha jioni. Nikamwuliza anapeleka wapi. Akasema anayaosha bombani na kuwapa samaki wa mawe, wale weusi, kwa kuwa hao ni mbuzi wa majini, hawataki kitu kingine.

Nilipandwa na hasira. Nilimwonyesha karatasi ukutani, nikamsomea neno la mwisho mara tatu, karibu na sikio zuri. Nilimwambia mkono wake unanuka tumbaku na tumbaku ni sumu. Nilimwambia anaiba mwani wa Patron, uliosafiri kwa treni na meli, na kuwalisha samaki wa bure. Nikamalizia na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, yeye alikuwa na umri wa babu yangu.

"Patron aliandika," akasema. "Lakini Patron hajalima hata mustari moja ya matembele. Majani inachumwaka, Mama. Isipochumwa inazeeka, inatoa maua, inakufa. Ata wewe kwenu haujui?"

"Hii si matembele. Hii ni kitu ya bahari."

"Inatambaa, inatoa muzizi, inatoa majani. Sasa ni nini? Ni kuku?"

Nilitoa ufunguo mlangoni, nikautia kwenye kibeti changu. Tangu siku hiyo biro ilifunguliwa nilipokuwepo na kufungwa nilipotoka, hata kama natoka kwenda chooni. Nilijisikia vizuri mno. Nilikuwa nimegundua hatari na kuizuia, na nilianza hata kutunga jinsi nitakavyomweleza Patron.

Mwani ulikua. Juma la kwanza ulinenepa, juma la tatu ulifunika mchanga wote, juma la tano ulipanda vioo na majani yake yakalala juu ya maji. Nililiona hilo kuwa ushahidi wa akili yangu. Wageni walipokuja niliwaambia kwamba hapo awali kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuharibu. Sikumtaja, lakini yeye alikuwa hapo nje akisugua tangi, na wageni hawakuwa wajinga.

Mara ya kwanza Papa alinijia kwa mzaha. Aliingiza kichwa dirishani na kuuliza kama tunauza kwa fungu au kwa kikapu. Mara ya pili hakutania. Alisimama mlangoni, miguu ikichuruzika maji, akavua kofia.

"Mama, unifungulie ile kifuniko ya tangi. Dakika moja tu. Angalia kule chini, jua haifike tena. Kule chini inaanza kuoza."

"Papa, nimesema."

"Basi chuma wewe. Miye nitasimama nje. Nitakuonyesha kwa kidole."

Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya yote. Aliniachia kila kitu: kazi, heshima, hata mkono. Alitaka tu majani yachumwe. Nilimwambia mimi si mke wake wa kutumwa bustanini, nikarudi kwenye mashine yangu ya kuandikia. Hakuja mara ya tatu.

Siku ya Ijumaa niliona ncha za majani zimepauka. Nilidhani ni mwanga. Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye salongo, tunafagia barabara kwa amri ya serikali, na nilipopita hangarini mchana nilitupa jicho tu kutoka mlangoni. Weupe ulikuwa umeshuka mpaka katikati ya majani. Nikajiambia labda ndivyo unavyofanya ukikomaa. Jumapili ilikuwa misa.

Jumatatu nilisikia harufu kabla ya kufungua. Ndani ya tangi maji yalikuwa mazito ya rangi ya maji ya mchele, yenye ukijani kidogo, na mwani wote, wote kabisa, ulikuwa umegeuka kitu cheupe kinachopitisha mwanga kama ngozi ya kitunguu. Nilipougusa ulichanguka. Samaki mmoja wa chungwa alikuwa ameshakufa, mwenzake amelala ubavu juu ya maji akifungua na kufunga mdomo, na yule wa buluu sikumwona mpaka tulipomwaga maji.

Nilimwita Papa. Alikuja mbio, mzee yule. Alichota maji kwa ndoo, akatoa uozo kwa viganja, akanituma nilete bidoni mbili za maji ya bahari zilizobaki stoo. Tukamtia yule samaki mmoja kwenye beseni la maji mapya, Papa akapuliza hewa kwa mrija wa mpira kwa mdomo wake mwenyewe, maana pampu ilikuwa imekabwa na uchafu. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Samaki alikufa kabla ya saa sita.

Nililia. Sikumlilia samaki, nilijililia mimi na ile kazi yangu ya ukapita.

Papa alikaa juu ya gunia, akatoa tumbaku yake, akainusa. Kisha akasema: "Patron akikuja, tutasema imekufa. Ni ile tu. Kitu inakufaka. Miye sitasema mulango ulikuwa unafungwa, na wewe hautasema miye nilikuwa nachuma. Tutasimama wawili."

Nikasema ndiyo, Papa. Nilimshika hata mkono.

Patron alirudi baada ya majuma mawili. Alisimama mbele ya tangi tupu bado amevaa kofia ya safari. Sikuwa nimewahi kumwona amehuzunika, na kusema kweli nilimhurumia. Kisha akageuka.

"Nani aligusa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema imekufa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tulikuwa tumelifanyia mazoezi. Lakini yeye hakuuliza kilichotokea, aliuliza nani, na alikuwa akiniangalia mimi.

"Papa alikuwa anachuma," nikasema.

Kila neno lilikuwa kweli. Papa alinitazama, akakunja kofia yake mara mbili. Nilitegemea atakana, au atasema habari ya ufunguo. Hakusema habari ya ufunguo.

"Ni miye, Patron. Nilikuwa nachuma, tangu siku ya kwanza. Na wewe ukiwa hapa hapa. Kila juma."

Patron alisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili, iliyokuwa na maelezo yote, aliiona kama ukaidi wa mzee. Aliniuliza kama maagizo yalikuwa ukutani, nikasema yalikuwa. Hakuniuliza ufunguo ulikuwa kwa nani majuma saba, nami sikusema, ijapokuwa ulikuwa umo ndani ya kibeti mkononi mwangu. Siku hiyo hiyo Papa alitoka. Aliaga wapiga mbizi, akaaga samaki wa mawe, na alipopita mbele yangu aliniita kwa jina langu la ubatizo, sio Mama Diploma.

Nikawa kapita baada ya mwezi; Patron alisema angalau mimi naheshimu maandishi. Shangazi zangu walikosa maneno, kama nilivyotaka.

Patron hakuweza kukaa bila mwani. Bidoni nyingine zilikuja, samaki wengine walikuja, na mfuko mwingine wa mwani ukafika pamoja na barua ya yule rafiki wa pwani. Ilikuwa ya Kifaransa. Patron alikuwa ameacha miwani nyumbani, akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa sauti. Rafiki alisikitika kusikia ule wa kwanza umekufa. Aliuliza kama ulikuwa ukikatwa. Mwani huu, aliandika, ni lazima upunguzwe kila juma. Ukiachwa ujae, siku moja unatoa mbegu zake zote kwa mara moja, unageuka mweupe, unaharibu maji na kuua kila kilichomo.

Nilisoma mpaka mwisho bila sauti kutetemeka, na hilo linanishangaza mpaka leo. Nilingoja Patron aseme jina la Papa. Aliwasha sigara.

"Tiens," akasema, kama mtu aliyeambiwa habari ndogo. "Basi utakata wewe, kila Ijumaa."

Kumbe jina la Papa halikumpitia kabisa kichwani. Papa alikuwa ametoka, mambo yalikuwa yamekwisha, na mtu mwenye kazi nyingi hawezi kukumbuka kila aliyepita. Nilikuwa peke yangu na barua ile mkononi, na niliona aibu kiasi cha kushindwa kuikunja.

Nilijua Papa alikuwa amekwenda Kabimba kwa binti yake, ambaye mume wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Jumamosi moja nilisamehewa salongo kwa udhuru wa ugonjwa, nikapanda lori. Nilifika nimejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Alikuwa nyuma ya nyumba akishona wavu wa mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha vizuri, akaniletea maji ya kunawa, binti yake akapika ugali na mikebuka, samaki wakavu wa ziwani, tukala. Aliniuliza kama samaki wa mawe wanapewa majani. Nikasema wanapewa unga.

Baada ya kula nilimweleza. Nilihamia upande wa sikio zuri, nikamweleza barua neno kwa neno, kwamba alikuwa na haki, kwamba mwani ulikufa kwa sababu ya ufunguo wangu na si kwa sababu ya mkono wake. Nilipiga hata magoti. Nilidhani atalia, au atanifukuza, na lolote kati ya hayo lingenifaa.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Patron, umemwambia?"

"Bado, Papa."

"Bado." Akavuta uzi wa wavu, akaukata kwa meno. "Sasa, mwanangu, umetoka Kalemie yote ile kuja kuniambia miye kitu gani? Miye nilikuwa najua."

Hakusema kwa ukali. Alirudi kwenye wavu wake, na nilipoaga alinisindikiza mpaka lori lilipokuwa, kama desturi.

Njia nzima nilipanga maneno. Nilipanga ya Kifaransa na nilipanga ya Kiswahili. Jumatatu nilifungua biro, Patron akaingia, akaniuliza habari za ugonjwa, nikasema nimepona. Jumanne alikuwa na wageni. Ijumaa nilikunja mkono wa blauzi mpaka begani, nikaingiza mkono ndani ya maji, nikachuma ncha kwa kucha ya kidole gumba, nikiacha mzizi na majani machanga. Patron alisimama nyuma yangu akitazama. Akasema nina mkono mzuri, inaonekana nimezaliwa nao.

"Merci, Patron," nikasema.